Dakika ishirini anazonyimwa fundi Anselme

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, Old Kampala. Katika ua mwembamba nyuma ya duka la zamani la Wahindi, fundi Anselme Kambale amepiga magoti nyuma ya gari kubwa jeupe. Anageuzageuza shokapu mpya mkononi kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Anaisimamisha juu ya saruji, anaweka viganja viwili juu yake, halafu anailalia kwa uzito wake wote, kilo sitini na mbili kwa hesabu yake mwenyewe.

Shokapu inanywea kwa shingo upande, kisha inamrudisha juu.

"Hii iko mzima," anasema. "Shokapu nzuri inakukatalia. Ukiona inakukubali haraka, hiyo itakuua."

Wenye magari makubwa wanazijua shokapu hizi hata kama hawajui jina lake. Ni vile vyuma viwili vyembamba, kushoto na kulia, vinavyouinua mlango wa nyuma na kuushikilia juu. Ndani yake mna gesi. Gesi ikiisha, mlango unakuwa mzigo usio na mbebaji, na hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuusukuma kwa mkono, kuuegemeza kichwani, huku mkono wa pili ukipapasa kutafuta fimbo ya kuutegea.

Mwenye gari hili ni Nafuna, Mkenya wa Bungoma mwenye duka la kuchapisha vitabu vya wanafunzi kule Wandegeya. Amesimama pembeni na kikombe cha chai. Kwa miezi mitatu amekuwa akipakia karatasi zake kwa msaada wa kipande cha mbao alichokiokota kwenye jengo la jirani.

"Imenigonga hapa mara mbili," anasema akijishika utosi. "Ya pili niliona nyota mchana. Nikasema basi, leo namwita huyu mtu."

Anselme haiamini mbao ya mteja. Ana ya kwake, ya mvule, yenye kipande cha tairi kilichopigiliwa kichwani ili isiteleze. Anautega mlango, anaijaribu mbao kwa kuitikisa, ndipo anachukua bisibisi bapa. Anaingiza ncha chini ya klipu ndogo ya shokapu ya kushoto, anaisukuma taratibu, tak, shokapu inaachia. Anafuta vumbi, anapaka grisi, anapachika mpya kwa kiganja. Ile ya kulia bado hajaigusa.

"Upande mmoja kwanza," anaeleza. "Vijana wanatoa zote mbili kwa pamoja kwa sababu wana haraka. Haraka ya kwenda wapi? Ya kwenda hospitali."

Ndani ya dakika ishirini kazi imekwisha. Nafuna anabonyeza kitufe, na mlango unapanda wenyewe polepole mpaka juu na kutulia. Nafuna anapiga makofi kama mtoto. Anaokota kile kipande chake cha mbao ili akitupe jalalani, na hapo fundi anaruka.

"Hapana, mama! Huo mti usitupe."

"Si umeshaweka mpya? Nitaufanyia nini tena?"

"Uache humo humo garini. Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utauza gari. Na ukiuza, uza pamoja nao."

Nafuna anacheka, anadhani ni utani wa Wakongo. Anselme hacheki. Anatazama juu, kwenye mawingu mazito yaliyoanza kukusanyika, na anaanza kufunga begi lake kwa pupa. Ana geti moja la kwenda kugonga huko Kansanga, na baridi ikishuka kabla hajafika, anasema, roho yake haitatulia.

Mpaka mwezi Machi mwaka huu, 2019, fundi huyuhuyu asingemwachia mteja ile mbao. Angeondoka nayo yeye mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

Anselme ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Butembo, mashariki ya Kongo, na ufundi aliujulia chini ya malori ya kahawa. Mwaka 2008, vita vilipofika mpaka kizingitini, alivuka mpaka na mkewe Julienne, watoto watatu na begi moja la nguo. Begi la spana liliachwa. Mpaka leo akilitaja begi lile uso unamwiva.

Kampala ilimpokea jinsi inavyowapokea wengi wa aina yake. Katika gereji ya kwanza alipewa kazi ya kuosha injini, ya pili akawa mlinzi wa betri. "Mi nilikuwa fundi wa malori," anasema. "Wakanipa ndoo na sabuni. Nikaosha. Ungefanyaje? Watoto hawali cheti."

Lakini alikuwa na macho. Aliona kwamba wenye magari wengi wanaiogopa gereji kuliko wanavyoogopa ubovu wa gari. Mtu anaacha gari na betri mpya, jioni anarudishiwa gari lilelile na betri kuukuu. Anselme akasema, kama wao wanaogopa kuja, mimi nitakwenda. Akanunua bisibisi mbili, kopo la grisi na kitambaa, akaanza kugonga mageti ya watu.

Akachagua kazi moja tu. "Injini kila mtu anajidai anaijua," anasema. "Mlango wa nyuma hakuna aliyeutaka. Nikauchukua mimi."

Jina likaenea. Walinzi wa mageti, ambao ndio redio ya Kansanga, wakambatiza Mukongo wa Shokapu. Kazi moja ilimpa shilingi elfu thelathini, na wiki nzuri alifunga magari sita. Haukuwa utajiri, kwa sababu chumba chao peke yake kinakula laki mbili na nusu kila mwezi, lakini watoto walikuwa darasani na Julienne alikuwa na mtaji wake wa vitenge, anavyozungusha nyumba kwa nyumba.

Na alikuwa na ada yake. Kila alipomaliza kazi, aliichukua ile fimbo ambayo mteja alikuwa akitegea mlango, akaitia kwapani na kutoka nayo getini, kichwa juu, ili majirani waone. Hakuweka bango wala hakugawa kadi. Watu wakiona Mkongo anapita na fimbo ya mtu, walijua kuna mlango umepona.

Nyuma ya chumba chake zilijipanga fimbo sitini na tatu. Mipini ya mafagio, miguu ya meza, mianzi, gongo la kutembelea la bibi mmoja wa Muyenga, matawi ya mpera. Julienne aliomba mara nyingi azipikie maharage. Wapi!

"Mkaa hatuna, yeye anapangusa fimbo vumbi," anasema Julienne. "Jioni anasimama pale anazitazama kama mfalme na pembe zake za ndovu. Nikimwambia, Baba Elisée, fimbo hazili, lakini watu wanataka kula, ananinunia."

Fimbo ya sitini na tatu ni mpini wa ufagio uliopakwa rangi ya buluu. Aliutoa nyumbani kwa mzee Okullo.

Mzee Okullo ni mstaafu wa kazi ya sare, mwenye nyumba ya ghorofa kilimani Kansanga na geti jeusi. Gari lake, kubwa la kijani, siku za wiki linalala. Jumamosi tu ndiyo siku yake ya kwenda sokoni na mtumishi wa nyumbani, kuleta ndizi, mkaa na unga wa wiki nzima.

Mzee alimwita Anselme mwezi Machi, saa sita mchana, jua la kuchoma utosi. Shokapu alikuwa nazo tayari, alinunua mwenyewe kwa mtu anayemjua, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Huo ndio mtindo wa wateja wengi wa mjini, spea analeta yeye, fundi anapachika tu. Anselme alizisimamisha juu ya saruji kama desturi yake. Alikandamiza kwa mkono mmoja. Shokapu ikazama kama kitumbua kwenye chai.

Mazungumzo yaliyofuata Anselme anayakariri neno kwa neno, na bado yanamchoma.

"Mzee, hizi zimechoka. Zimepakwa rangi tu."

"Wewe iko fundi ama iko daktari ya shokapu?"

"Mzee, leo kuna jua, gesi imevimba, zitashika. Siku ya baridi zitaachia."

"Mimi nimenunua na pesa yangu. Gari ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Basi wewe funga."

Akafunga. Anselme hajifichi nyuma ya maneno. Kodi ilikuwa imefika, mwanawe Elisée alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na elfu thelathini ilikuwa mezani. Alifunga shokapu alizojua ni za kufa. Mlango ukapanda, ukatulia juu, na mzee Okullo akacheka mpaka akakohoa. "Unaona? Mukongo anaogopa bure!"

Kicheko kile kilimuuma. Fundi mzima, mwenye miaka thelathini kazini, anachekwa mbele ya mlinzi na mtumishi, na mlango upo juu unamshuhudia kuwa mwongo! Akakusanya vifaa vyake harakaharaka. Na kabla ya kutoka akainama, akauchukua mpini wa buluu uliokuwa umelala pembeni mwa buti, akautia kwapani.

"Sikufikiri," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Mkono ulikwenda wenyewe. Nilizoea."

Jumamosi ya kwanza jua liliwaka na mlango ulishika. Jumamosi ya pili ilinyesha tangu alfajiri.

Filda ana miaka thelathini na tisa. Alifanya kazi kwa mzee Okullo kwa miaka kumi na moja, tangu familia hiyo ikiishi kambi ya askari huko kaskazini, na Kiswahili chake ni cha huko kambini, kifupi na kisichopamba. Leo anauza nyanya kwenye meza ya mbao pembeni mwa barabara ya Ggaba, akizipanga nne nne kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unakaa mapajani. Vidole vitatu havikunji.

"Tulitoka sokoni saa mbili, mvua bado," anasimulia. "Mimi nikafungua mlango, ikapanda. Mkono hii ya kulia nikaweka pale chini kwenye chuma, nashikilia gunia isianguke. Ya kushoto ikaenda kutafuta mti yangu. Miaka mbili mkono inajua mti inalala wapi. Haikuwepo. Nikasema, aa, si fundi alitengeneza?"

Anamuuzia mama mmoja nyanya za elfu moja, anarudi kwenye habari yake.

"Haikupiga kelele. Ilishuka tu. Mimi ndiyo nilipiga kelele."

Mzee Okullo alimpeleka kutibiwa, akampa mishahara ya miezi miwili na nauli ya kwenda kupumzika kijijini. Filda hakwenda. Alihamia kwa binamu yake, chumba kimoja watu watano. Zamani, Jumapili baada ya ibada, alisuka wanawake nywele, na hapo ndipo alipopata pesa yake mwenyewe isiyopitia mikononi mwa mtu. Kusuka kunataka vidole.

"Nyanya hazitaki vidole kumi," anasema. Anasema kavukavu, na msikilizaji hajui aangalie wapi.

Walinzi wa mageti nao walifanya kazi yao. Ndani ya wiki moja Kansanga nzima ilijua kwamba shokapu za Mukongo zimevunja mkono wa mtu. Nani aliyezinunua, hakuna aliyeuliza. Simu ya Anselme ikanyamaza. Kutoka magari sita kwa wiki akabaki na moja, wiki nyingine hakuna kabisa. Watoto wa jirani wakaanza kuwaita wanawe jina ambalo Julienne amekataa lisiandikwe gazetini.

Anselme akaona maji yako shingoni. Ufundi wake ulikuwa jina lake, na jina limeshatiwa doa. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yule ambaye Kampala nzima inamwita LC, akaomba kitu kimoja tu, mzee Okullo aje aseme mbele ya watu kwamba alionywa.

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri kwenye mabenchi ya mwenyekiti, mbele ya watu kama thelathini. Anselme alivaa shati lake jeupe la kanisani. Alieleza yote. Mzee Okullo aliposimama hakuzunguka.

"Huyu hajaniambia kitu. Alifunga, nikalipa, akaenda."

Watu wakanong'ona. Neno la mzee mwenye geti jeusi dhidi ya neno la mkimbizi, nani atahangaika kupima? Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kinywa ili afunge shauri, Filda aliponyanyuka kutoka benchi la nyuma, mkono umefungwa kitambaa.

"Afande, alikuambia," akasema. "Mimi nilikuwa naanika nguo. Alikuambia siku ya baridi zitaachia. Wewe ukasema, gari ni ya nani."

Mzee Okullo akatazama viatu vyake. Watu wakaanza kugeuka kumtazama Anselme kwa macho mengine, mmoja akampiga bega, mwingine akamwita bwana kwa Kiganda, "pole sana, sebo". Anselme anasema moyo wake ulitaka kuruka. Alichokuwa akikililia kwa wiki saba kilikuwa kimepatikana, tena kutoka kwa mtu aliyeumia mwenyewe.

Lakini Filda hakukaa. Alimgeukia yeye.

"Na wewe, fundi. Kama ulijua zimechoka, mti yangu ulichukua ya nini?"

Anselme anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu waliokuwa wakimpa pole wakaondoa mikono begani mwake.

"Alinisafisha na kunichafua kwa dakika moja," anasema. "Na zote mbili alikuwa sawa. Hapo ndipo ninapokwama. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningelala."

Kesho yake alikwenda kwenye meza ya nyanya na ule mpini wa buluu na kuku mmoja. Alikuwa ameandaa hotuba ya msamaha, ndefu, ya machozi. Filda hakumwacha aianze. Alimwambia kuku ampelekee mkewe, na msamaha akae nao. Kisha akasema neno ambalo ndilo linalomkimbiza Anselme kila Jumamosi mpaka leo.

"Mimi mkono imeshaenda. Pale kwa afande kuna mwanamke mwingine, Adyero. Yeye bado ana mikono mbili, na anafungua mlango ileile. Usiniletee pole. Nenda ufunge shokapu."

Ndiyo, ndugu msomaji, zilezile. Baada ya mvua, jua lilitoka, mlango wa mzee ukapanda vizuri, na mzee akaamua kwamba Filda aliteleza. Shokapu za rangi inayong'aa hazijaguswa tangu siku hiyo.

Anselme alianza na alichoweza. Alikodi bodaboda, akafunga fimbo zake sitini na mbili mgongoni mwa pikipiki, akazirudisha nyumba kwa nyumba. Kuna waliozipokea. Kuna waliomcheka na kumuuliza kama amerukwa na akili. Bibi wa Muyenga alifurahi kuona gongo lake. Fimbo kumi na tisa hakuna aliyezitaka, na hizo hatimaye Julienne alizipikia maharage. Mpini wa buluu peke yake ndio uliobaki kwenye pembe ya chumba.

Halafu akanunua shokapu mpya za gari la mzee Okullo, halisi, laki moja na elfu themanini. Pesa hiyo ilitoka kwenye mtaji wa vitenge wa Julienne, na nyumbani kwao jambo hili halijaisha.

"Mimi natembea juani na vitenge kumi wakati nilikuwa na arobaini," anasema Julienne. "Watoto wananywa uji bila sukari, na chini ya kitanda changu zinalala shokapu za tajiri. Za tajiri! Nimemwambia aziuze. Ananiambia, Mama Elisée, nipe Jumamosi moja tu. Jumamosi moja imekuwa ngapi sasa?"

Zimekuwa nne. Mara zote geti halikufunguliwa. Mara ya pili Anselme alimwomba mlinzi, Obonyo, angalau amfikishie Adyero ule mpini autie garini. Wiki iliyofuata aliuokota kwenye mtaro nje ya ukuta, umepasuka ncha.

Alipoulizwa na gazeti hili, mzee Okullo alizungumza akiwa amesimama barazani, bila kukaribisha mtu kukaa.

"Gari yangu si banda ya kuku, ibebe fimbo," alisema. "Na hizo shokapu yake, hapana. Mimi nikikubali mpya, nimekubali ya zamani ilikuwa mbaya. Kesho Filda analeta wakili hapa. Mnafikiri mimi ni mtoto?"

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mlango haufungwi shokapu mpya kwa sababu kuufunga ni kukiri. Mtu mzima, mwenye akili zake na miwani yake, amepima mkono wa mtumishi na kauli yake mwenyewe, akaona kauli ndiyo nzito.

Leo, saa nne kasoro, bodaboda inamshusha Anselme mbele ya geti jeusi. Jua halipo kabisa. Kilima chote cha Kansanga kimefunikwa wingu, na upepo wa ziwani una ubaridi wa kupenya shati. Mkono mmoja ameshika gunia lenye shokapu, mwingine mpini wa buluu alioufunga ncha kwa waya.

Obonyo ameketi juu ya dumu. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake.

"Rudi, fundi," anasema kwa sauti ya chini. "Mzee iko. Wametoka soko sasa hivi."

"Niachie niseme naye."

"Atasema nini mpya? Mimi nina watoto pia, nyabo wangu, mama yao, ataniua nikifukuzwa."

Kati ya geti na nguzo kuna upenyo wa vidole vinne. Anselme anaweka jicho pale. Gari la kijani limesimama uani, mgongo umeelekea getini. Adyero, mwanamke wa miaka kama thelathini aliyefunga leso kichwani, anakuja kutoka jikoni akijipangusa mikono. Anabonyeza. Mlango unapanda nusu, unasita. Anausukuma kwa bega, unapanda wote. Unatikisika.

Adyero anainama ndani. Kiwiliwili chote kimeingia chini ya mlango, shingo imenyooshwa, mikono miwili inavuta gunia la mkaa lililokwama.

"Toa kichwa!" Anselme anapiga kelele kupitia upenyo. "Dada! Toa kichwa!"

Adyero hageuki. Ni Muacholi, na Kiswahili hakijui. Obonyo anaruka kutoka kwenye dumu, anapaza sauti kwa Kiluo, lugha iliyo karibu na yake. Juu barazani sauti ya mzee Okullo inanguruma na kumfunika.

"Obonyo! Wewe unalinda geti ama unalinda buti?"

Obonyo anakaa. Mlango unashuka inchi moja, labda mbili, unasimama tena. Gunia linaachia ghafla, Adyero anarudi nyuma nalo na kukaa chini kwa kishindo, na nyuma yake mlango unashuka wote mpaka chini, kimya, na kujifunga. Adyero anacheka, anajikung'uta vumbi la mkaa, anauburuta mzigo wake kuelekea jikoni.

Anselme anajiegemeza getini.

"Dakika ishirini," anamwambia Obonyo, kama vile Obonyo ndiye mwenye nyumba. "Sitaki pesa. Sitaki aseme kosa ni lake. Nitasema ni langu, nitaandika karatasi, nitaweka dole gumba. Anipe dakika ishirini tu na hilo gari."

Obonyo anatazama barazani, anatazama barabarani. Kisha anainama kama anayefunga kamba ya kiatu, na maneno yanatoka chini ya ile kofia.

"Mwisho wa mwezi mzee anaenda Lira, arusi ya mtoto wa ndugu yake. Jumatano mpaka Jumapili. Anapanda gari ya wengine. Hii inabaki. Ufunguo inaning'inia jikoni. Mimi siku hiyo nitakuwa nimeenda choo. Dakika ishirini mtu anaweza kukaa choo."

Anselme kwa mara ya kwanza leo anatabasamu, tabasamu chungu, la upande mmoja.

"Miaka hamsini na mmoja," anasema, "sijawahi kuingia ua wa mtu bila ruhusa. Nitaingia kama mwizi, ili niweke."

Mipango yake imekamilika hapohapo, na gazeti hili limewaahidi wote wawili kutochapisha neno mpaka mzee arudi kutoka Lira. Atakuja na mbao yake ya mvule na bisibisi iliyopakwa grisi isilie. Ataanza upande wa kushoto, kisha wa kulia. Shokapu za zamani ataondoka nazo na kuzitoboa zitoe gesi yote, asije mtu mwingine akazipaka rangi. Mpini wa buluu atauficha chini ya zulia la buti na kumwonyesha Adyero kwa ishara. Halafu atapita kwenye meza ya nyanya na kumwambia Filda kwamba amefunga. Hategemei kuambiwa asante. Anataka tu asikie.

Anajifunga gunia mgongoni. Tone la kwanza la mvua linaangukia geti, la pili linaangukia mkono wake. Anauangalia, anaangalia wingu, na midomo yake inacheza kama ya mtu anayesali, lakini anahesabu.

Kabla ya harusi ya Lira, Jumamosi za soko zimebaki mbili.